Sauti ya Marehemu: Albamu ya Opeth na Masikio ya Wasikilizaji Wake

Insha hii ina deni nyuma yake, na ni heri nilitaje mapema ili msomaji asidhani kwamba nimeufikia muziki wa metali kwa udadisi wangu mwenyewe. Mnamo 2012 mwanafunzi mmoja wa uzamili alinikabidhi pendekezo la utafiti lenye kurasa kumi na moja. Alinuia kuchunguza jinsi wasikilizaji walivyoipokea Heritage, albamu ambayo bendi ya Opeth ya Uswidi ilikuwa imeitoa mwaka uliotangulia. Nilikaa na kurasa zile kwa majuma mawili, kisha nikamrudishia zikiwa na swali moja tu pembezoni mwa ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: "Matini iko wapi?" Hakubishana. Alibadilisha mada, akaandika kuhusu taswira katika riwaya mbili zilizokuwa tayari kwenye silabasi, akafuzu. Ilikuwa tasnifu safi ambayo, nadhani, hakuna kati yetu aliyeipenda.

Mnamo Novemba 2024 Opeth walitoa albamu yao ya kumi na nne, The Last Will and Testament, yaani wasia wa mwisho. Majuma machache baadaye mwanafunzi yule, ambaye siku hizi naye ni mwalimu, aliniletea ujumbe mfupi: "Mwalimu, matini imepatikana." Nilicheka kwanza. Halafu sikucheka tena.

Kwa wale ambao, kama mimi wakati ule, hawaijui bendi hii, maelezo machache yatafaa. Opeth ilianzia mjini Stockholm kunako 1990, na albamu yake ya kwanza, Orchid, ilitoka mwaka wa 1995. Mtunzi wake mkuu ni Mikael Åkerfeldt, ambaye pia ndiye mwimbaji na mmoja wa wapiga gitaa. Muziki wao huwekwa katika kundi liitwalo progresivu metali. Ni tawi la roki nzito ambalo nyimbo zake huweza kufikia dakika kumi au zaidi, mapigo yake hubadilika katikati ya safari bila kumwonya msikilizaji, na vipande vya gitaa la pole hukaa ubavuni mwa vishindo. Lakini jambo lililoipambanua Opeth kwa miaka mingi lilikuwa koo la Åkerfeldt. Mtu huyu ana sauti mbili. Ya kwanza ni sauti ya kawaida ya kuimba, nyororo, yenye huzuni ya mbali. Ya pili ni mngurumo: sauti itokayo chini kabisa ya koo, nzito na yenye kukwaruza, ambayo hufunika maneno hata yasisikike barabara. Katika albamu kama Blackwater Park (2001) na Ghost Reveries (2005) sauti hizo mbili hupokezana ndani ya wimbo mmoja, na msikilizaji aliyezoea hujua kwamba utulivu wowote ni wa muda tu.

Ilipofika Heritage, mngurumo ulikuwa umeondolewa. Kilichobaki kilikuwa uimbaji wa kawaida na roki ya kukumbusha miaka ya 1970. Mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko huo ukaendelea kupitia albamu tatu zilizofuata: Pale Communion (2014), Sorceress (2016) na In Cauda Venenum (2019). Wapo waliosema kwamba bendi imekomaa. Wapo waliosema kwamba bendi imekufa, na kwamba hao wanaopanda jukwaani ni watu wengine wenye jina lile lile.

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatukupaswa kulishangaa jambo hili. Tumewahi kulipitia nyumbani kwetu, na damu ya kitaaluma ikamwagika. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mnamo 1974, wanamapokeo walishika vina na mizani wakauliza, kwa hasira ambayo bado inasikika katika maandishi ya miaka ile, kama kitu kile ni shairi. Hawakusema kwamba ni shairi baya. Walisema kwamba si shairi. Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa, na mara nyingi tumeipuuza tunapowafundisha wanafunzi wetu mgogoro ule kana kwamba ulikuwa ugomvi wa wazee wenye ukaidi na vijana wenye mwanga. Mtu akisema shairi ni baya, amekwisha kulipokea. Akisema si shairi, amefunga mlango kabla mgeni hajabisha hodi. Shabiki wa Opeth aliyesema "hii si Opeth" alisimama mlango ule ule, kwa sababu ile ile: alama aliyoitambua kwayo aina ya sanaa ilikuwa haipo tena.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka wa 1967 kule Konstanz, alitupa istilahi ambayo tumeitafsiri kuwa upeo wa matarajio. Msomaji haji kwenye kazi akiwa mtupu. Huja na kazi zote alizokwisha kusoma, na kwa hizo hupima umbali wa kazi mpya. Nimeifundisha nadharia hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Huwa napenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba lugha yetu imeyaweka maneno mapokeo na upokezi katika shina moja la kitenzi, kana kwamba ilikwisha kujua kwamba kile tulichopokea jana ndicho kinachotuamulia namna ya kupokea leo. Hata hivyo, niliponyoshewa pendekezo lililoitumia nadharia hiyo hiyo kwa wasikilizaji halisi, walio hai, wenye hasira, niliuliza matini iko wapi. Upeo wangu ulikuwa na ukuta, nami niliudhania kuwa ndio mwisho wa dunia.

Turejee kwa mashabiki, maana kuna jambo katika malalamiko yao ambalo nadharia peke yake hailifafanui. Mngurumo haukuwahi kutoweka. Katika miaka yote ile Åkerfeldt aliendelea kuzipiga nyimbo za zamani katika maonyesho, na alipozipiga alinguruma kama kawaida. Aliyekata tikiti aliusikia. Tena, mwaka wa 2003 bendi ilikuwa imetoa Damnation, albamu nzima isiyo na mngurumo hata mmoja, na albamu ile ilipata wapenzi wengi hata miongoni mwa waliokuja kuichukia Heritage. Kwa hiyo kukosekana kwa sauti hakukuwa kosa kwa nafsi yake. Damnation ilieleweka kuwa mapumziko, na mtu hamlaumu mwenzake kwa kupumzika. Heritage ilisikika kama kuhama. Walichokuwa wakikidai wasikilizaji, kwa maoni yangu, ni uhakika kwamba yule aliyewaita kwa sauti fulani wakiwa vijana angali anaikiri sauti hiyo kuwa yake, wala haifanyi kumbukumbu ya kuuzwa jukwaani. Hapo mfano wa Kezilahabi unaniacha, kwa kuwa yeye hakuanza na vina kisha akavitupa. Aliingia akiwa huru, na kuanzia Kichomi hadi Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008) alibaki vivyo hivyo. Lakini mwandishi yule wa Rosa Mistika (1971), ambayo yeyote aliweza kuisoma, alipotuletea Nagona mwaka wa 1990, nakumbuka mwenzangu mmoja akiishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyeanza kunuka, akiniuliza: "Huyu ni yule yule?"

(Niongeze kwa mabano kwamba In Cauda Venenum ilitolewa kwa matoleo mawili, moja kwa Kiswidi na jingine kwa Kiingereza, na kwamba maneno ya Kiswidi ndiyo yaliyotangulia. Mtunzi wa lugha yenye wasemaji takriban milioni kumi, ambaye dunia nzima ilimzoea kwa Kiingereza, aliona ana la kusema kwa lugha ya mama yake, ingawa hakuthubutu kuliacha soko kabisa. Idara zetu zingeweza kuliandikia jambo hilo semina nzima.)

Sasa, albamu ya 2024. Ina nyimbo nane na huchukua takriban dakika 51. Saba kati ya nyimbo hizo hazina majina; zina alama ya kifungu itumiwayo na wanasheria pamoja na nambari, kuanzia §1 hadi §7. Wa nane peke yake ndio wenye jina. Zote kwa pamoja husimulia kisa kimoja, kilichowekwa katika miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia: tajiri mmoja, baba wa nyumba mwenye msimamo mkali, amefariki, na wanawe wamekusanyika katika jumba lake kusikiliza wasia ukisomwa. Wapo mapacha wawili waliolelewa kama warithi. Yupo pia msichana aliyeugua polio, ambaye familia imemlea, na ambaye mapacha hawaelewi ameketi pale kwa haki gani. Kifungu baada ya kifungu, marehemu anafichua. Mapacha si damu yake. Msichana ni mtoto aliyemzaa na mtumishi wa nyumba. Na mali inamwendea huyo.

Na mngurumo umerejea. Ni mara ya kwanza tangu Watershed ya 2008 kusikika katika albamu mpya ya bendi hii. Miaka kumi na sita.

Jioni moja ya Desemba 2024 nilikaribishwa katika nyumba ya vijana wanne hapa Nairobi waliotaka kuisikiliza albamu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya mzee aliyedai anataka kujifunza. Mtu asifikiri kwamba vijana hawa ni wageni katika nchi yao. Nairobi imekuwa na bendi zake za metali kwa miaka mingi, na wawili waliojiita Duma walitoa mwaka wa 2020, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, albamu yenye ukali ambao ukiuweka kando ya Opeth, Opeth husikika kama kwaya ya ndoa. Nilipewa kiti kizuri na kikombe cha chai. Wimbo wa kwanza ulianza kwa hatua za mtu anayetembea, besi, ngoma, uimbaji wa kawaida. Halafu mngurumo ukapasua. Kijana mmoja aliruka kutoka kwenye kochi, mikono juu, akapaza sauti: "Amerudi!"

Nani amerudi? Nililitafakari neno lile njiani nilipokuwa nikienda nyumbani, na nimeendelea kulitafakari. Kijana alimaanisha Åkerfeldt, bila shaka. Åkerfeldt wa zamani, aliyekuwa amepotea. Lakini katika kisa chenyewe anayesema pale ni marehemu. Kwa jinsi ninavyoisikia albamu hii, mngurumo ni hasa sauti ya baba aliyekufa, akiwatamkia wanawe jambo ambalo hakuwa na ujasiri wa kulitamka akiwa na pumzi. Mtunzi amewarudishia mashabiki kile walichokililia kwa miaka kumi na sita, lakini amekitia kinywani mwa maiti. Sijui kejeli iliyo kali zaidi ya hiyo katika sanaa ya miaka hii, wala sijui kama iliyapata masikio yaliyoikusudiwa. Katika kundi letu la jioni ile, watatu walishangilia. Wa nne, binti aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na spika, hakusema kitu hadi mwisho, kisha akasema kwamba bila ile miaka ya albamu nne wasingalikuwa na masikio ya kuusikia wimbo ule. Wangesikia kishindo tu, kwa kuwa kishindo kilikuwa kawaida. Wenzake walimzomea kidogo, kwa mapenzi. Mimi niliona amesema jambo ambalo Jauss angelikubali.

Jambo jingine lililonishika ni kwamba wasia ule mmoja hausomwi kwa sauti moja. Kuna mngurumo. Kuna uimbaji. Na kuna maneno yanayosemwa tu, bila kuimbwa, na Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull, mzee ambaye pia amepiga filimbi katika albamu hii, na ambaye hutamka maneno kwa utulivu wa karani aliyekwisha kusoma nyaraka mbaya zaidi. Matini ni ile ile, marehemu ni yule yule, lakini kila sauti humpa msikilizaji marehemu mwingine.

Hapa sina budi kusema jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alifariki mwaka wa 1998. Aliacha wasia alioandika kwa mkono wake mwenyewe katika daftari la shule, kurasa nne, na kwa kuwa mimi ndimi niliyeitwa msomi, wazee waliamua niusome mbele ya ukoo siku ya tatu baada ya mazishi. Niliusoma kwa sauti niliyokuwa nayo, sauti ya darasani: wazi, isiyopanda wala kushuka, yenye kuheshimu alama za uakifishaji. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na jina la kijana ambaye wengi wetu hatukuwahi kulisikia, na kipande cha shamba chini ya mto. Nilisoma jina lile kwa sauti ile ile niliyosomea tarehe. Kimya kilichofuata sikisahau. Shangazi yangu ndiye aliyekivunja. "Mbona unasema hivyo, mwanangu?" aliniuliza, hakusema "mbona amesema." Ami yangu mmoja hakunisalimu kwa miaka sita. Wapo katika ukoo wetu ambao mpaka leo, wakilieleza jambo lile, husema kwamba shamba la chini lilitolewa na mimi.

Kwa muda mrefu nililichukulia hilo kuwa ujinga wa wasikilizaji, kosa lile tunalowaonya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasilifanye, la kumchanganya msimulizi na mwandishi. Sasa sina hakika. Baba yangu hakuwa mtu wa sauti ya darasani. Alikuwa na sauti nzito iliyotangulia mwili wake mlangoni, na laiti mtu angaliweza kuyasoma maneno yale kwa sauti ile, na hofu ile iliyokuwa ndani yake ambayo sisi watoto tuliitambua kuchelewa mno, yamkini shangazi asingaliniuliza mimi. Angalijua nani anasema. Nilimwondolea marehemu mngurumo wake, nikadhani kwamba nimekuwa mwaminifu kwa matini.

Sisemi kwamba wasia sharti uogofye. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kunako 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye, na sauti yake ni ya karibu, ya mtu anayemwita mtoto asogee. Nao wenyeji wa pwani wameupokea kwa vizazi kama wasia unaostahili kuhifadhiwa moyoni. Lakini Mwana Kupona anasema akiwa hai na anajua nani anamsikiliza. Baba wa albamu ya Opeth, na baba yangu, walisubiri mpaka jibu lisiwezekane. Hiyo ni tanzu nyingine kabisa, ingawa Kiswahili kinaziita zote mbili kwa neno moja.

Nikirudi kwenye albamu kama mhakiki, siwezi kusema kila kitu ndani yake kimefaulu. Vifungu vya katikati vimesongamana mno. Kuna mahali ambapo mabadiliko ya mapigo yanaonyesha ustadi wa wapigaji kuliko haja ya kisa. Pia kuna suala la kueleweka. Bila karatasi ya maneno mkononi, msikilizaji wa mara ya kwanza hawezi kujua ni nini hasa marehemu amekiri, na nilipowauliza wale vijana watatu walioshangilia kisa kinahusu nini, wawili hawakuwa na habari kwamba kuna kisa. Je, wameipokea albamu au hawajaipokea? Mwaka wa 2012 ningejibu upesi. Sasa nakumbuka kwamba katika ukoo wetu wapo waliokaa mbali siku ile, nyuma ya mgomba, wasisikie neno hata moja la daftari, na ambao hata hivyo waliondoka wakijua kabisa kwamba kuna kitu kimevunjika.

Wimbo wa nane, "A Story Never Told", hauna mngurumo. Ni wimbo wa pole. Msichana amekwisha kurithi, miaka imepita, na barua inafika ikimwarifu kwamba hata yeye hakuwa damu ya marehemu. Kama msuko wa kisa, naona umetiwa chumvi kupita kiasi. Ni aina ya siri ambayo tungeikosoa katika riwaya pendwa. Kama sauti, ni habari nyingine. Baada ya vifungu saba vya sheria, vya ngurumo na uimbaji na ukarani, gitaa linabaki likipanda polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna anayemwamuru mtu.

Nilimwandikia mwanafunzi wangu mwezi uliopita. Nilimweleza kwamba pendekezo lake bado ninalo, kwa kuwa alikuwa ameniachia nakala ya pili, na kwamba kwenye ile nakala sijaandika kitu. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja hapa. Aliikubali bila masharti, kisha akaniuliza swali ambalo kwa sasa sina jibu lake: "Lakini, Mwalimu, ile barua ya mwisho, wewe unaisikia kwa sauti ya nani?"